Mlinzi mweusi ananipekua mimi mweusi mwenzake, Mzungu anapita. Nielezeni

#1 Kipara wa Sinza

Wakuu, salamu.

Jana jioni nimeenda duka moja kubwa huku Masaki kununua unga wa keki, nimetumwa na mama watoto. Jina la duka siweki, msiniulize. Mlangoni kuna mlinzi kijana, mweusi kuliko mimi, ana kile kifimbo cha kukagulia chuma. Kanisimamisha. Nyoosha mikono. Kapitisha kwapani, kapitisha kiunoni, kageuza upande wa pili, halafu kaniambia nifungue bahasha. Bahasha ya kaki, ndani mna nakala za leseni ya biashara. Kazitoa, kazisoma!

Mikono yangu ikiwa bado hewani, akaja Mzungu. Kaptura, kandambili, na begi mgongoni la kutosha kubeba mbuzi. "Karibu sana bosi," mlango ukavutwa. Begi halikuguswa. Akafuata dada wa Kihindi na mkoba wake, naye kapita. Nyuma yangu bodaboda kaleta mzigo wa mtu, huyo kasimamishwa.

Hoja yangu: mlangoni adui wa Mwafrika ni Mwafrika. Mkoloni kaondoka 1961, yule kijana hata baba yake pengine alikuwa hajazaliwa. Nani anamfundisha? Mwenye maelezo mengine alete.

Nawasilisha.

#2 Tunguli

Naweka jamvi. Kahawa ipo, kashata ipo.

#3 Mama Kayumba

Mleta uzi hujasema ulivaa nini.

Duka nimeshalijua, na mimi ni mteja wa hapo. Jumamosi nikitoka saluni, kitenge changu cha kushona na kiatu cha kisigino, naitwa "mama karibu". Katikati ya wiki nikitokea sokoni na dera, kandambili na kapu la mboga, nafunguliwa mpaka pochi ya chenji. Mlinzi ni huyohuyo na rangi yangu ni ileile. Kwangu mimi ni nguo.

#4 Kipara wa Sinza

Nilivaa shati la kuchomekea, Mama. Aliyevaa kandambili ni Mzungu. Hapo nguo inaelezaje?

#5 Mama Kayumba

Kandambili ya Mzungu ni ya likizo. Yangu mimi ni ya shida. Mlinzi anazijua zote mbili.

#6 Mzalendo_Halisi

Mnazunguka bure, huu ni ukoloni. Dar yenyewe iligawanywa kwa rangi: Oysterbay Uzunguni, Upanga na Kisutu Uhindini, Kariakoo sisi. Hospitali ya Ocean Road Mjerumani aliijenga kwa ajili ya Wazungu, wengine wote walipelekwa Sewa Haji. Mtu ambaye bibi yake alifundishwa kumpisha Mzungu njiani, mjukuu anamfungulia mlango. Kitu kama hicho hakiondoki kwa kubadilisha bendera.

#7 Lindo Namba Saba

Habari za humu. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo mnayoijadili, kampuni siitaji. Nisikilizeni kabla hamjanifanya kibaraka.

Kwanza kile kifimbo. Cha lindo letu kilikufa tangu kabla ya Ramadhani. Taa ya kijani inawaka vizuri, lakini ukikipitisha kwenye nondo hakilii. Nimesharipoti, nimejibiwa "endelea nacho". Sasa kwa nini nakipitisha? Kwa sababu kamera iko juu ya kichwa changu, na msimamizi akikaa kwenye kioo chake anachoangalia ni kama mkono unatembea. Kwa hiyo kaka, aliyekupekua huenda alikuwa anaigizia kamera na wewe ukamkuta njiani.

La pili ndilo kubwa. Mteja mgeni akinuna haongei na mimi. Anakwenda kwa meneja, au anaandika mtandaoni na picha yangu kaweka. Meneja anapiga simu kwa kampuni, maneno mawili: huyu msimlete. Kesho yake niko nyumbani. Wewe mleta uzi umepekuliwa, umesomewa mpaka leseni, umefanya nini? Umekuja kulalamika humu, na jina la duka umeficha. Ndiyo ujue kwa nini nakupekua wewe.

Mimi rangi ya mtu haina kazi kwangu. Namwangalia anayeweza kunikosesha zamu.

#8 Tunguli

Daah! Kipara, jibu hilo kabla kahawa haijapoa.

#9 Kipara wa Sinza

Lindo, nashukuru kwa ukweli. Ila umenithibitishia mwenyewe. Unajuaje fulani anaweza kukufukuzisha kazi kabla hajafungua mdomo? Kwa ngozi. Yule Mzungu inawezekana analala chumba cha kuchangia na watu wanane na hela ya kula anaihesabu. Na mimi inawezekana ni mkwe wa mwenye duka.

#10 Lindo Namba Saba

Mkwe wa mwenye duka hashuki kwenye bajaji.

#11 Mhindi wa Chumbageni

Ngoja na mimi niseme, maana dada wa Kihindi ameshaingizwa kwenye kesi.

Mimi ni Mhindi wa Tanga. Nimezaliwa Tanga, baba kazaliwa Pangani. Ni kweli, milango ya maduka sipekuliwi, sitabisha. Lakini hesabu haiishii mlangoni. Sokoni nikiinama tu kuchagua nyanya, fungu limeshapanda bei. Daladala watu wananisema hivihivi naangalia: "Leo gari lake bovu huyu." Nanyamaza mpaka kituo changu, nasema, "Konda, shusha, na likipona nitakuja kukuaga." Gari zima linacheka, nami nacheka.

Pasipochekesha ni lango la hifadhi. Mnajua mwananchi na mgeni wa mbali hawalipi sawa, tofauti yake ni kubwa. Tulikwenda hifadhi moja, mimi, mke wangu, watoto, na rafiki yangu Mzambia niliyesoma naye. Mimi na watoto: kitambulisho, pasi ya kusafiria, mmezaliwa wapi, kabila gani. Watoto wanaulizwa kabila! Mzambia kakaa kiti cha mbele, kasema "mambo" kwa sauti nzito, kaandikwa Mtanzania. Kiswahili anachokijua ni hicho tu.

#12 Tunguli

Mzambia ana deni na taifa. Mwambie aje alipe tofauti.

#13 Mzalendo_Halisi

Mhindi wa Chumbageni, sikusemi wewe binafsi, lakini wenzako wana kesi ya kujibu. Shule zao, hospitali zao, wanaoana wao kwa wao. Ndiyo maana Nyerere aliwanyang'anya nyumba na Amin akamalizia. Ukijitenga miaka yote hiyo usishangae mtu akikuona mgeni.

#14 Babu wa Ilala

Mzalendo, umechanganya madesa.

Nyumba zilichukuliwa 1971, kwa sheria iliyogusa majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe haishi humo yote. Rangi haikutajwa. Ni kweli kwamba waliopoteza wengi walikuwa Wahindi, kwa sababu ndio waliojenga ghorofa za kupangisha mjini, na wengi walihama nchi baada ya hapo. Amin ni 1972, kule Uganda, aliwapa watu siku 90 waondoke, na aliwaangalia asili yao. Usiyatie mfuko mmoja.

Na Nyerere huyohuyo, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kuna wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Alisimama bungeni akawaambia mswada wa serikali ukikataliwa, serikali nzima inajiuzulu. Ukapita. Baadaye Amir Jamal, Mhindi, alishika Wizara ya Fedha miaka na miaka, Derek Bryceson, Mzungu, akawa Waziri wa Kilimo, na Barbro Johansson, mzaliwa wa Sweden, tulikuwa naye bungeni.

Lakini kwenye bandiko lako #6 niko upande wako, na nakuongezea. Rangi tulifundishwa kisheria. Uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Kura tatu. TANU, chama cha Nyerere, walikesha Tabora Januari 1958 wakibishana wakubali au wasusie. Walipokubali, Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. Na TANU yenyewe haikuwa inapokea mwanachama asiye Mwafrika mpaka baada ya Uhuru. Kwa hiyo tusijifanye tulikuwa malaika.

#15 Mzalendo_Halisi

Nashukuru Babu, historia nimeipokea. La kuoana wenyewe kwa wenyewe lakini linabaki palepale.

#16 Mhindi wa Chumbageni

Mke wangu Mdigo. Nikutumie picha za harusi?

#17 Tunguli

Mzalendo, kaa kidogo unywe maji.

#18 Hirola wa Garissa

Ndugu zangu wa Tanzania, nyinyi mnalia kupekuliwa mlangoni. Sisi Wasomali wa Kenya, wenye nywele hizi na pua hii, tunapekuliwa hata barabarani. Basi la kutoka Garissa likifika kizuizi, askari anaingia, anatazama nyuso. Wengine kaeni, wewe na wewe na wewe shukeni na vipande, yaani vitambulisho. Jina hajauliza bado.

Aprili 2014, ile operesheni ya Usalama Watch, watu wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, walisombwa kwa maelfu na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahabusu. Waliokuwa na vitambulisho na wasiokuwa navyo, wote waliingia. Na kabla ya hapo, 1989, Wasomali wa Kenya walipigwa msasa nchi nzima wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kuonyesha kwamba wao ni Wakenya, juu ya kipande walichokuwa nacho tayari. Nitajieni kabila jingine lililopewa kadi hiyo.

Sasa sikilizeni. 2013, baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, Kenya iliiomba Interpol itoe ilani nyekundu. Anayetafutwa ni nani? Mwanamke wa Kiingereza, mweupe pepe, kwa mashtaka ya vilipuzi ya tangu 2011. Lindo, huyo akija Masaki na begi lake, utamwambia nini?

#19 Lindo Namba Saba

Karibu sana. Kweli tupu, ningemfungulia.

#20 Mama Kayumba

Mungu atunusuru.

#21 Mwl. Kibatari

Nimesoma uzi wote, kila mtu anatafuta mchawi. Jibu liko kwenye macho na ubongo.

Mwaka 2006 Willis na Todorov, Chuo Kikuu cha Princeton, waliwaonyesha watu sura wasizozijua kwa sehemu ya kumi ya sekunde, halafu wakawauliza: huyu anaaminika? Majibu yalifanana sana na ya watu waliopewa muda wautakao. Kuongezewa muda kuliwaongezea uhakika wa kile walichokwisha kuamua. Yaani hukumu imeshatoka, akili inakuja nyuma kuandika sababu.

Pia kuna mazoea ya sura. Mtoto mchanga wa miezi mitatu anatofautisha nyuso za watu wa rangi zote. Akifika miezi tisa kabaki na nyuso za aina anayoiona nyumbani. Na si suala la damu: Wakorea waliochukuliwa wadogo wakalelewa na familia za Kifaransa, ukubwani walikuwa wanatambua nyuso za Wazungu vizuri kuliko za watu wa Asia. Kwa hiyo msimsingizie Mjerumani kila kitu.

#22 Kipara wa Sinza

Mwalimu, heshima yako, lakini hapo umejifunga goli. Mlinzi ni mweusi, amelelewa na weusi, anatutofautisha sisi kuliko anavyowatofautisha Wazungu. Kwa nadharia yako anayetakiwa kumtia wasiwasi ni yule anayefanana na wenzake wote. Mbona asiyemtofautisha ndiye anamwamini?

#23 Mwl. Kibatari

Hoja nzuri, ngoja niilalie.

Wakati naitafuna, chukua hii. Marekani miaka ya 1930, profesa anaitwa LaPiere alizunguka nchi na kijana mmoja na mkewe, Wajapani, wakiingia hoteli na migahawa zaidi ya 250. Zama zile chuki dhidi ya watu wa Asia ilikuwa wazi kabisa. Walikataliwa sehemu moja tu. Miezi kama sita baadaye akaziandikia barua sehemu zilezile: je, mnapokea wateja wa aina hii? Zaidi ya tisa katika kumi ya waliojibu wakasema hapana. Kumbe mtu anachosema na anachofanya uso kwa uso haviendi pamoja.

#24 Kibarua wa Minnesota

Walikuwa Wachina, Mwalimu, si Wajapani. Sehemu zenyewe 251, barua zilizojibiwa 128. Hii tulisomeshwa mpaka tukaichukia.

Na umeruka pale patamu. LaPiere mwenyewe aliandika kwamba kilichoamua mapokezi zaidi ya rangi ni nguo, hali ya mabegi, unadhifu, na zaidi ya yote tabasamu na namna ya kuongea. Makarani wa hoteli walikuwa wanatazama mizigo! Mama Kayumba chukua pointi zako. Lakini utafiti wenyewe una tundu: aliyejibu barua si lazima awe ndiye aliyekuwa kaunta siku ile, na profesa Mzungu alikuwa nao safarini. Kipara, siku nyingine ingia pale na Mzungu, halafu utuambie kama utapekuliwa.

Huku kwetu hukumu ya sura haiishii kwenye begi. Februari 1999, New York, Amadou Diallo, kijana wa Guinea aliyekuwa anauza bidhaa ndogondogo barabarani, alisimama mlangoni kwake. Askari wanne wasiovaa sare wakaona kafanana na mbakaji wanayemtafuta. Akaingiza mkono atoe pochi. Risasi 41. Askari wote wanne waliachiwa na mahakama. Tukifika huku kitu cha kwanza wenyeji wetu wanatufundisha ni mikono iwekwe wapi askari akikusimamisha.

#25 Mama Kayumba

Pointi nimezichukua. Nangoja kombe.

Pole Kibarua, hiyo ya Diallo naikumbuka kwenye redio.

#26 Kifaru Mpole

Na yule dada yetu aliyepigwa India mwaka 2015 kisa amemgonga mtu na gari? Si hayahaya?

#27 Mzigo wa Kontena

Kifaru, hakumgonga mtu. Tuwe makini na hilo kwa sababu watu bado wanalirudia kama alivyoandika yeye.

Ilikuwa 31 Januari 2016, Bengaluru. Aliyegonga na kuua mwanamke alikuwa dereva Msudani. Dada yetu, mwanafunzi wa miaka 21, alipita pale na wenzake kama nusu saa baadaye, hawajui hili wala lile. Kundi la watu likawavamia, likamchania nguo, gari lao likachomwa moto. Msamaria aliyempa fulana ajisitiri naye alipigwa. Msudani na Mtanzania, kwao kilikuwa kitu kimoja.

Mimi nafuata mzigo Guangzhou, maeneo ya Xiaobei ndiko tunakojazana. Kule sisi wote ni "weusi", Mmali, Mnaijeria, Mtanzania, basi. Aprili 2020, korona imepamba moto, Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizopanga na kwenye hoteli, wakawekwa karantini hata ambao hawakuwa wamesafiri. Mimi hoteli ilinirudishia pesa na pasi yangu usiku, dada wa mapokezi hakuinua macho. Mabalozi wa Afrika walimwandikia waziri wao wa mambo ya nje barua kali.

Nikafanikiwa kurudi Dar. Mtaani kwetu kuna fundi wa simu, Mchina, yupo miaka. Watoto wanamkimbia wanapiga kelele "korona! korona!" na wazazi wapo barazani wanacheka. Nikawauliza mnacheka nini, wakaniambia nisiwe mkali, watoto wanacheza.

#28 Mhindi wa Chumbageni

Huyo fundi siku hizo hakuwahi hata kurudi kwao pengine.

#29 Mzigo wa Kontena

Hakuwa ametoka Dar mwaka mzima.

#30 Laigwanan Mhasibu

Nimefika #30, watu wamemjadili mlinzi mpaka basi, hakuna aliyemtaja Mmasai. Ajabu.

Mimi ni mhasibu, nina cheti changu cha CPA ukutani. Jumamosi navaa lubega langu naenda kununua mkate. Njiani: "Mmasai, unalinda wapi?" "Mmasai, dawa ya mgongo unayo?" Kuna mama alinifuata na mafuta na kitana, anataka nimsuke, na alishakaa chini. Jumatatu nikivaa tai napita mtaa uleule, hakuna anayenisalimia.

Kijana mmoja wa kwetu Longido alishuka basi, hajamaliza siku mbili kapewa lindo la ghala, peke yake, usiku. Mwajiri aliona shuka, aliona sime, karidhika. Huyo mtoto alikuwa anachunga ndama, hajawahi kupigana na mtu. Sasa nyinyi mnasema mlinzi anahukumu watu kwa sura. Na yeye mliajirije?

#31 Tunguli

Kwa hiyo dawa ya mgongo unayo au huna?

#32 Laigwanan Mhasibu

Nina ritani ya kodi. Nayo inauma mgongo.

#33 Lindo Namba Saba

Laigwanan kanikumbusha. Mwenzangu wa zamu ni Mmasai, anakuja na shuka na rungu, kampuni imemruhusu. Yeye anapekua kila mtu. Wazungu wenyewe wanainua mikono wanacheka, wanampa simu wapigwe naye picha. Meneja hajawahi kupigiwa malalamiko hata mara moja. Mimi mwenye sare nikimgusa begi mtu yuleyule, kesi. Nimekaa nikiwaza hili jambo sijapata jibu.

#34 Mama Kayumba

Si nimesema nguo!

#35 Mwl. Kibatari

Hapana Mama, hapo ni dhana. Wanadhani wako kwenye maonyesho ya utamaduni.

#36 Kipara wa Sinza

Na Lindo kule juu alisema ni meneja. Na meneja ni yuleyule, mlango ni uleule. Basi hata hoja ya zamu imepata tundu.

#37 Lindo Namba Saba

Haijapata. Mmasai hawezi kufukuzwa, ndiye anayeleta picha.

#38 Bi Salha wa Muscat

Asalaam aleikum. Huku Oman tuliotoka Unguja tuna mikasa ya namna mbili.

Siku moja niko dukani Ruwi na dada yangu, mwenye duka mzee, mweupe, kanzu na kilemba, ndevu zimefika kifuani. Mie namwambia dada kwa sauti, "Bei gani hii, atukomoe sie tu?" Mzee akanijibu palepale, "Punguzo lipo bibi, ungeniomba." Kazaliwa Malindi, Unguja, kaondoka kijana baada ya 1964. Tukakaa tukapiga soga mpaka adhuhuri, na punguzo akatupa.

Mkasa wa pili, mwenzangu ni daktari, mweusi, Mswahili wa hukuhuku, raia. Akiingia lifti ya jengo analoishi, wageni humuuliza anafanya kazi nyumba ya nani. Siku hizi anavaa koti la hospitali mpaka ndani.

#39 Mama Kayumba

Waalaikum salaam. Koti tena. Sisemi kitu.

#40 Muha wa Kasulu

Wakuu, mimi nimeusoma uzi wote nikicheka na kusikitika. Nyinyi mnatofautishwa na Wazungu, Wahindi, Wachina. Sisi Waha tunatofautishwa na nani? Na Warundi, ambao lugha tunasikilizana na sura ni hizihizi. Nikisafiri kuja Dar, basi likisimamishwa, ofisa anapita katikati ya viti. Anaangalia urefu, anaangalia pua, anakusikiliza unavyotamka "habari ya asubuhi". Jirani yangu wa kiti, Mrundi mfupi wa mwili, Kiswahili cha Manzese, kapitwa. Mimi nimeshushwa.

2013 ile Operesheni Kimbunga ya wahamiaji haramu, Kagera na kwetu Kigoma, ilikuwa hivyohivyo. Kuna watu kule wana makaburi ya babu zao shambani na bado waliulizwa kwao wapi.

#41 Mzalendo_Halisi

Muha, hapo lazima niwe mkweli, mpaka ni mpaka, wahamiaji haramu wapo na silaha zilikuwa zinaingia. Ofisa atumie nini sasa, ramli?

#42 Babu wa Ilala

Atumie karatasi, na karatasi ikionyeshwa aikubali.

Habari ya pua usiichezee, Mzalendo. Rwanda, Mbelgiji alikuja na vipimo vyake vya pua na vimo, na miaka ya 1930 akaandika kwenye kitambulisho cha kila mtu: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo ndivyo vilivyokuwa vinaulizwa vizuizini. Asiyekuwa nacho aliangaliwa pua na kimo, na waliokufa kwa kufananishwa tu walikuwepo. Wakimbizi waliotufikia Ngara mwaka ule walitusimulia.

#43 Mzalendo_Halisi

Babu hapo umenikamata. Lakini swali la ofisa atumie nini hujanijibu lote, karatasi zinaghushiwa.

#44 Hirola wa Garissa

Kwa nini za kwetu tu ndizo zinazoshukiwa kughushiwa? Basi lina watu sitini.

#45 Mhindi wa Chumbageni

Muha, ushauri wa mzoefu wa malango. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Beba na cheti cha kuzaliwa, nakala iliyothibitishwa, weka kwenye plastiki.

#46 Muha wa Kasulu

Asante kaka, nilikuwa nacho. Alikiangalia akanirudishia, akaomba cha baba.

#47 Mhindi wa Chumbageni

Hata mimi niliombwa cha baba. Ninacho, cha Pangani, cha Kiingereza na muhuri wa serikali ya zamani. Baba yako kazaliwa mwaka gani?

#48 Muha wa Kasulu

1948, kijijini, nyumbani kwa mkunga wa jadi. Cheti hana. Ana kadi ya TANU.